Badru Kakungulu: Mwanamfalme aliyeijenga Kibuli kwa vizazi vilivyokuwa havijazaliwa

Kusini mashariki mwa katikati ya jiji la Kampala, ng'ambo ya njia ya reli, kipo kilima cha Kibuli. Juu yake umesimama msikiti ambao minara yake huonekana kutoka vilima vingine vingi vya mji mkuu huo wa Uganda. Kuuzunguka kuna shule ya msingi, shule ya sekondari, chuo cha ualimu, hospitali, na tawi la Kampala la Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda. Sehemu kubwa ya yote hayo inatokana na uamuzi wa mtu mmoja, Mwanamfalme Badru Kakungulu Wasajja, aliyezaliwa mwaka 1907 na kufariki dunia mwaka 1991.

Hakuwa mfalme, hakuwa waziri, wala hakuwa sheikh aliyebobea katika elimu ya dini. Hata jina lake huwachanganya wengi, kwa kuwa Uganda ilikuwa na Kakungulu mwingine mashuhuri, Semei Kakungulu, jemadari aliyeitwalia Uingereza maeneo ya mashariki mwa nchi na baadaye kuanzisha jamii ya Waganda wanaofuata dini ya Kiyahudi. Badru ni mwingine kabisa. Kazi yake haikuwa ya vita. Ilikuwa kazi ya subira: kuchukua jumuiya iliyoshindwa, iliyogawanyika na isiyo na shule, na kuipa taasisi ambazo zingeendelea kusimama hata serikali zikibadilika na hata yeye mwenyewe akiondoka.

Katika zama hizi ambapo kampuni ya programu za kompyuta ikitimiza miaka 20 huhesabiwa kuwa kongwe, na viongozi wake hupimwa kwa hesabu za kila miezi mitatu, si rahisi kuelewa namna ya kufikiri ya mtu aliyeweka jiwe la msingi akijua kwamba jengo litakamilika baada ya miaka 10, na kwamba faida yake kamili itaonekana wakati wa wajukuu.

Mtoto wa mfalme aliyeshindwa

Badru alizaliwa katika nyumba ya mzee. Baba yake, Nuhu Mbogo, alikuwa mtoto wa Kabaka Suna II, mfalme wa Buganda aliyefariki mwaka 1856, na ndugu wa Kabaka Mutesa I. Kwa hiyo babu wa Badru alikufa kabla Mzungu yeyote hajafika katika ikulu ya Buganda, ilhali mjukuu alifariki katika zama za televisheni. Vizazi vitatu tu viliziba pengo hilo la miaka 135.

Uislamu uliingia Buganda wakati wa huyo Suna, ukiletwa na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliotoka pwani. Mutesa I aliupokea kwa shauku, akafunga Ramadhani kwa miaka kadhaa, kisha akawageuka Waislamu wa ikuluni walioiweka sheria ya dini juu ya amri ya mfalme, na wengi wakauawa mwaka 1876. Baada ya wamishonari wa Kiprotestanti na wa Kikatoliki kufika, ikulu ilikuwa na makundi matatu ya dini yaliyogombea sikio la mfalme mmoja.

Mwaka 1888 mambo yaliharibika. Makundi hayo yaliungana kumwondoa Kabaka Mwanga, na katika muda wa wiki chache Waislamu wakawafukuza Wakristo na kumweka mfalme wao, Kalema. Ushindi huo haukudumu. Wakristo walirudi kwa nguvu, Kalema akafariki mwaka 1890 akiwa mbali na mji mkuu, na Waislamu waliobaki wakamchukua Mbogo kuwa mfalme wao. Alikuwa mfalme asiye na nchi. Mwaka 1892 alikubaliana na Kapteni Frederick Lugard wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, akaweka silaha chini. Mwaka uliofuata alituhumiwa kuhusika katika machafuko mapya na kupelekwa uhamishoni Zanzibar, alikokaa hadi mwaka 1895.

Hesabu ya mwisho ya vita hivyo iliandikwa katika Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900. Kati ya masaza 20, yaani majimbo ya ufalme, Waprotestanti walipata 11, Wakatoliki 8, na Waislamu moja tu, Butambala. Mbogo alipewa maili 24 za mraba kwa ajili yake na wafuasi wake, pamoja na posho ya pauni 250 kwa mwaka katika maisha yake yote, kwa masharti kwamba aache madai mengine aliyokuwa nayo.

Kwa Waislamu wa Buganda huo ulikuwa mgawo wa aliyeshindwa. Lakini ndani yake mlikuwa na kitu kimoja ambacho thamani yake haikuonekana mapema, nacho ni ardhi yenye hati. Mfumo wa umiliki uliotokana na mkataba huo huitwa mailo hadi leo, jina lililotokana na maili za mraba zilizogawiwa siku hizo. Mwenye mailo aliweza kuirithisha, kuigawa au kuiuza. Machifu wengi walichagua kuuza. Kipande baada ya kipande, urithi wa vita vya dini uligeuka kuwa magari, nyumba na karo za shule, na katika miongo michache familia nyingi zilizokuwa na maili za mraba zilibaki na viwanja tu.

Kijana kati ya masheikh

Mbogo alifariki mwaka 1921. Badru alikuwa na umri wa miaka kama 14, akarithi jina, ardhi na nafasi ya mkuu wa Waislamu wa Buganda kabla hajamaliza masomo. Alisoma katika shule ya King's College Budo, shule ya Kanisa la Anglikana iliyojengwa kwa ajili ya watoto wa watawala. Ni jambo la kutafakari kwamba mtu aliyekuja kuwa mjenzi mkuu wa shule za Waislamu Uganda alipata elimu yake katika shule ya Kikristo. Aliona kwa macho yake jinsi shule inavyozalisha makarani, walimu, mahakimu na machifu, na aliona pia ni watoto wa nani waliokuwa hawamo madarasani.

Jumuiya aliyoirithi ilikuwa imepasuka. Kwa miaka mingi baada ya kifo cha Mbogo, Waislamu wa Buganda waligombana kuhusu iwapo mtu aliyekwisha kuswali sala ya Ijumaa anapaswa kuswali pia sala ya adhuhuri siku hiyohiyo. Kwa mtu wa nje mgogoro huo ungeweza kuonekana mdogo. Kwa waliokuwemo, ulitenganisha misikiti, ndugu na hata maziko. Nyuma yake kulikuwa na swali jingine ambalo halikutajwa waziwazi kila mara: nani mwenye kauli ya mwisho juu ya Waislamu, masheikh waliosoma au ukoo wa kifalme uliowaongoza vitani?

Badru hakuwa na elimu ya kumwezesha kumaliza hoja hiyo kwa fatwa. Alichokuwa nacho ni muda, kwa kuwa alikuwa kijana kuliko wapinzani wake wote. Upatanisho ulikuja polepole, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 sehemu kubwa ya makundi yaliyohasimiana ilikuwa imerudi kuzungumza. Wakati huo mwanamfalme alikuwa tayari ameelekeza nguvu zake kwenye mambo ambayo watu wa pande zote waliyahitaji.

Shule kwanza

Ili kuelewa kwa nini elimu ilikuwa jeraha, ni lazima kuelewa mpango wa serikali ya kikoloni. Shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa wamishonari. Idara ya Elimu ilipoanzishwa mwaka 1925, serikali haikujenga shule zake nyingi, bali ilitoa ruzuku kwa shule za misheni zilizotimiza masharti, na sharti mojawapo lilikuwa kuwa na walimu waliofuzu. Waislamu hawakuwa na walimu waliofuzu kwa sababu hawakuwa na shule. Hawakupata ruzuku kwa sababu hawakuwa na walimu. Na bila ruzuku shule zao zingeendelea kuwa madrasa chini ya mwembe.

Mzazi Mwislamu alibaki na njia mbili. Angeweza kumpeleka mtoto katika shule ya misheni akihofia kwamba atarudi na jina jipya la ubatizo, au angeweza kumweka nyumbani. Wengi walichagua la pili, na matokeo yake yalionekana kwa miongo mingi mitaani Kampala: Waislamu walijaa katika udereva, uchinjaji nyama, ushonaji na biashara ndogo, kazi za heshima na zenye kipato, lakini zilizo mbali na ofisi ambamo maamuzi ya nchi yalifanyika. Wapo waliodai kwamba Waislamu hawakupenda elimu. Historia ya ruzuku inatosha kuonyesha kwamba dai hilo halikuwa la haki.

Katika miaka ya 1930 na 1940, Badru na wenzake waliijenga Jumuiya ya Elimu ya Waislamu wa Uganda, inayojulikana kwa herufi zake UMEA. Kazi yake ilikuwa kuzikusanya shule ndogo zilizotawanyika chini ya chombo kimoja ambacho serikali ingeweza kukitambua na kukipa ruzuku, kama ilivyovitambua vyombo vya Waprotestanti na Wakatoliki. Huo haukuwa uamuzi wa kusisimua umma. Ulikuwa wa kamati, daftari za hesabu, barua kwa Idara ya Elimu na ukaguzi wa madarasa. Lakini ndio uliofungua mlango.

Hatua ya pili ilikuwa Kibuli yenyewe. Badru alitoa ardhi ya familia yake juu ya kilima hicho kwa ajili ya msikiti, shule na taasisi nyingine za jumuiya. Reli ilikuwa imefika Kampala mwaka 1931, mji ulikuwa unakua kuelekea upande huo, na bei ya ardhi iliyo karibu na stesheni ilikuwa inapanda. Mtu mwenye busara ya kawaida angegawa viwanja na kuishi kwa kodi. Badru aliifunga ardhi hiyo kwa matumizi ya jumuiya, na kwa uamuzi huo alijinyima utajiri ambao hata wanawe wangeweza kuufaidi.

Palianza shule ya ngazi ya chini, ikakua hadi sekondari, kisha kikafuata chuo cha kufundisha walimu. Hicho cha mwisho hakikupata sifa kubwa nje, lakini ndicho kilichokata ule mnyororo wa ruzuku na walimu. Kila mwalimu Mwislamu aliyehitimu aliiwezesha shule ya kijijini kutimiza masharti, na shule hiyo nayo ikatoa wanafunzi ambao baadhi yao walirudi kuwa walimu. Mpango wa namna hiyo hauzai matunda chini ya miaka 15 au 20.

Msikiti wa miaka kumi

Vilima vya jirani vilikuwa vimekwisha kujengwa. Kanisa kuu la Namirembe la Waanglikana lilikamilika mwaka 1919, na kanisa kuu la Rubaga la Wakatoliki mwaka 1925. Waislamu, waliowahi kuushika mji mkuu wote kwa muda mfupi mwaka 1888, hawakuwa na jengo linalolingana na hayo.

Jiwe la msingi la msikiti wa Kibuli liliwekwa mwaka 1941 na Mwanamfalme Aly Khan, mtoto wa Aga Khan III, kiongozi wa Waismailia duniani. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vinaendelea, na vifaa vya ujenzi vilikuwa adimu. Msikiti ulifunguliwa mwaka 1951, na Aly Khan yuleyule akarudi kuufungua.

Kuwepo kwake si jambo dogo. Waislamu wa Buganda ni Wasuni, Waismailia ni Washia, tena wengi wao Afrika Mashariki walikuwa wenye asili ya Kihindi na wafanyabiashara, katika nchi ambayo chuki dhidi ya wafanyabiashara wa Kihindi ilikuwa inapanda. Kiongozi aliyetaka sifa za haraka angepata wafuasi kwa kuukataa mkono huo. Badru aliupokea. Mwaka 1945 Aga Khan III alianzisha mjini Mombasa Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, na Badru akawa kiongozi wake mkuu upande wa Uganda.

Utaratibu wa jumuiya hiyo ulikuwa rahisi na wa busara. Kwa kila shilingi ambayo Waislamu Waafrika wangeichanga kwa ajili ya msikiti au shule, Aga Khan na jumuiya yake wangeongeza shilingi nyingine. Fedha hazikutolewa kwa asiyejichangia. Hivyo kila kijiji kililazimika kwanza kukubaliana, kuchagua mweka hazina, kukusanya na kuhesabu mbele ya wote. Sarafu za wakulima wa kahawa na pamba zikawa dhamana ya fedha za matajiri, na jengo lilipokamilika hakuna aliyeweza kusema kwamba ni zawadi ya mgeni. Misikiti na shule nyingi za Uganda, Kenya na Tanganyika za miaka hiyo zilijengwa kwa njia hiyo.

Kilima na serikali

Uhuru wa mwaka 1962 ulileta mtihani wa aina nyingine. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru serikali ilichukua usimamizi wa shule zilizokuwa zikipata ruzuku, za madhehebu yote. Walimu wakawa waajiriwa wa serikali, na wakuu wa shule wakateuliwa na serikali. Jumuiya za dini zilibaki waanzilishi na wenye ardhi. Kwa Waislamu, waliokuwa wamejenga mfumo wao kwa shida kubwa, jambo hilo lilikuwa na uchungu, ingawa kwa upande mwingine lilifungua milango ya shule za Kikristo kwa watoto wao bila hofu ya ubatizo. Kibuli ilistahimili mabadiliko hayo kwa sababu ardhi haikuwa ya wizara.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa la kisiasa. Badru alikuwa wa ukoo wa kifalme, jamaa ya Kabaka Mutesa II. Waziri Mkuu Milton Obote alipoanza kugombana na Buganda, Waislamu waliomfuata mwanamfalme wa Kibuli walihesabiwa kuwa upande wa Kabaka. Mwaka 1965 kilianzishwa Chama cha Taifa cha Maendeleo ya Waislamu, NAAM, na miongoni mwa viongozi wake walikuwa watu wa karibu wa serikali, Adoko Nekyon na Shaban Nkutu. Mwaka uliofuata jeshi lilivamia ikulu ya Kabaka, Mutesa akakimbilia Uingereza, na mwaka 1967 falme zote zikafutwa. Kibuli ikabaki bila mfalme wa kuiegemea, huku mpinzani wake akiungwa mkono na dola. Katika baadhi ya misikiti ya mashambani wafuasi wa pande hizo mbili walipigana, na damu ikamwagika.

Haifai hata hivyo kuiona NAAM kuwa hila ya Obote peke yake. Ilipata wafuasi wa kweli, hasa miongoni mwa Waislamu wa Busoga, wa kaskazini na wa maeneo mengine yasiyo ya Buganda, ambao kwa miaka mingi waliona uongozi wa Waislamu wa Uganda ukikaa katika nyumba moja, ya kabila moja, juu ya kilima kimoja. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Nguvu ya Badru ilikuwa kwamba hakuna aliyempa cheo na kwa hiyo hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Lakini jambo hilohilo lilimaanisha kwamba Mwislamu wa Arua au wa Mbale hakuwa na njia ya kumchagua wala kumwondoa. Badru alijenga taasisi zilizowahudumia wengi, lakini hakuwahi kulipatia jibu swali la nani mwenye taasisi hizo.

Kisha akaja Idi Amin, Januari 1971. Kwa mara ya kwanza tangu Kalema, Mwislamu alishika madaraka ya juu kabisa. NAAM ikafifia, na wengi walitarajia kwamba sasa zamu ya Kibuli imefika. Haikuwa hivyo. Mwaka 1972 Amin aliunda Baraza Kuu la Waislamu Uganda, lenye makao yake katika kilima kingine, Old Kampala, na kadhi mkuu wake. Hali kama hiyo ilionekana kwa majirani pia: Tanzania ilikuwa imepiga marufuku Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki mwaka 1968 na BAKWATA ikaanzishwa, na Kenya ikapata SUPKEM mwaka 1973. Zama za jumuiya zinazovuka mipaka chini ya wanamfalme na matajiri zilikuwa zimekwisha. Kila nchi ilitaka chombo kimoja cha Waislamu.

Baraza jipya lilipewa mali kwa wingi, yakiwemo majengo ya Waasia waliofukuzwa mwaka huohuo wa 1972, miongoni mwao Waismailia ambao wazazi wao walichanga shilingi kwa shilingi kwa ajili ya misikiti ya Waafrika. Ujenzi wa msikiti mkubwa wa Old Kampala ulianza kwa kishindo, ukasimama katikati ya muongo huo, na jengo likakaa gofu kwa takriban miongo mitatu hadi Libya ya Muammar Gaddafi ilipolikamilisha. Mali za Waasia nazo zikaja kudaiwa na wenyewe. Amin alipoangushwa mwaka 1979, Waislamu wa sehemu za magharibi walilipiziwa kisasi kwa utawala ambao wengi wao hawakufaidika nao kwa lolote.

Katika miaka hiyo yote Kibuli haikukua sana, lakini pia haikuporomoka. Msikiti uliswaliwa. Shule ilifundisha, na timu yake ya soka ikapata sifa nchini. Hata katika michezo jina la mwanamfalme lilikuwepo: mashindano ya mtoano ya soka ya Uganda, yaliyoanza mwaka 1971, yalijulikana kwa miaka mingi kama Kombe la Kakungulu, na bila shaka wapo mashabiki waliolitaja jina hilo kila msimu bila kujua kwamba mwenyewe alikuwa mtu wa shule na misikiti.

Badru, aliyekuwa sasa mzee, alirudi kutafutwa kila mara mabaraza yalipogawanyika, nayo yaligawanyika mara kwa mara katika miaka ya 1980, yakiwa na viongozi wawili wanaodai cheo kimoja. Alisikilizwa kwa sababu hakuwa akigombea. Hata hivyo hakufaulu kuwaunganisha. Mtu aliyewahi kuona ugomvi wa sala ya adhuhuri ukipoa kwa kupita kwa miaka, safari hii hakubakiwa na miaka ya kutosha ya kusubiri.

Baada yake

Alifariki mwaka 1991, miaka miwili kabla ya ufalme wa Buganda kurejeshwa na Ronald Mutebi kutawazwa. Miaka mitano baadaye mwanahistoria A.B.K. Kasozi alichapisha kitabu kizima kuhusu maisha yake, heshima ambayo viongozi wachache wa Waislamu wa Uganda wameipata.

Nafasi ya ukoo ilichukuliwa na mwanawe, Kassim Nakibinge Kakungulu. Mwaka 2009, masheikh waliompinga Mufti Shaban Mubajje wa Old Kampala kwa madai kwamba mali za Waislamu ziliuzwa, madai ambayo Mubajje aliyakana, walikusanyika Kibuli wakamchagua Sheikh Zubair Kayongo kuwa Mufti Mkuu. Alipofariki mwaka 2015 alifuatwa na Sheikh Siliman Kasule Ndirangwa, na baada yake Sheikh Muhammad Galabuzi. Uganda imekuwa na vituo viwili vya uongozi wa Waislamu, na swali lililomsumbua Badru tangu akiwa na umri wa miaka 14 bado linaulizwa katika hotuba za Ijumaa za pande zote mbili.

Wakati huohuo herufi UMEA zingali katika majina ya shule za msingi katika wilaya nyingi za Uganda, nyingi zikilipiwa walimu na serikali. Na Shule ya Sekondari ya Kibuli, iliyozaliwa kwa sababu watoto wa Waislamu waliogopa kuingia katika shule za Wakristo, hupokea wanafunzi wa dini zote.